Maji ya Gari

Jumatatu, 3 Agosti 1964

Haya, we Mpekuzi, ushafungua daftari langu, basi soma. Nawa mikono kwanza.

Gari imechemka tena. Katikati ya soko la Karatu! Gari ya Kiingereza ya mashindano, viti viwili, haina paa. Mzungu wa shamba la kahawa alipohama aliniachia. Nilidhani ananipenda. Mvuke ukapanda kama sufuria la harusi. Abbasi, dereva wa lori, akapaza sauti: Kurwa, tia majani tunywe chai! Na Mwajabu alikuwa mlangoni pa duka la baba yake. Akacheka. Meno yote!

Rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, ina tundu. Fundi Sakaya kasema sabuni ni ya kuziba tangi la petroli, rejeta ipelekwe Arusha ikachomelewe. Wazee na safari zao! Nimeziba kwa sabuni. Haivuji hata tone.

Jumatano, 5 Agosti

Msiba. Mdogo wake Mzee Omary, baba yake Mwajabu, amefariki kule juu Ngorongoro. Wanazika leo leo, baada ya adhuhuri. Watu wote wanapanda lori la Abbasi. Mzee miguu inamsumbua. Nikaruka mbele: Mzee, panda kwangu, utawatangulia wote. Mwajabu akaniangalia. Kwa heshima!

Tukatangulia. Mlima ukaanza. Povu likaanza. Jeupe, linaruka mpaka kwenye kanzu ya Mzee. Tukasimama, tukapoa, tukaenda, tukasimama. Mwisho ikagoma kabisa, msituni, njia nyembamba, korongo pembeni.

Mzee akashuka kutafuta pa kuswalia. Birika lake la udhu likabaki kitini. Mpekuzi, usiniangalie hivyo. Nilimimina lote. Maji yakaingia juu, yakatokea chini.

Mzee akarudi. Akanyanyua birika. Jepesi. Nikamwambia gari ilikuwa na hali mbaya. Akainama, akapiga viganja kwenye vumbi, akapangusa uso, akapangusa mikono. Kisha akasema taratibu, "Mimi nimeruhusiwa vumbi, mwanangu. Gari yako imeruhusiwa nini?"

Lori likafika, halina pa kupita. Wanaume wakasukuma gari yangu, haisogei. Wakasukuma, wakahema. Abbasi akachungulia ndani. Kumbe nilikuwa nimeiacha kwenye gia.

Wakaisogeza kando, wakampakia Mzee kwenye lori. Walipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Mimi nilifika baadaye, kwa miguu, kwenye ukungu. Nilimkuta Mzee amesimama peke yake, kiganja kimejaa udongo, hana pa kuutupa. Akauweka tu juu, polepole, kama anamfunika mtoto. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimekwenda matangani nyumbani kwa Mzee. Nimekaa karibu na mlango. Mwajabu akapitisha kahawa kwa wote. Kwangu akaweka kikombe cha maji matupu. Nikamshukuru. Akasema si ya kwangu, ni ya gari.

Hakuna aliyecheka. Hata Abbasi.

Jumapili, 9 Agosti

Sikulala, nawaza. Nimeligundua kosa! Sabuni ile ilikuwa ya mche, ya kufulia. Laini mno! Ya kuogea ndiyo ngumu.

Siku ya arobaini ya marehemu, Mzee atapanda tena kule juu. Nimekwenda kumwambia kiti chake kipo. Alivuta birika lake, akalipakata kwa mikono miwili.

Sasa sabuni za kuogea ninazo mbili, nyekundu na ya kijani. Ungekuwa wewe, Mpekuzi, ungeanza na ipi?