Pingamizi Dhidi ya Kiraka cha Kadi ya Mtandao, Toleo la Saba

Wodi ya wazee, Pulau Tikus, Penang

Kwa Puan Norlela Hamdan,
Msimamizi wa Viendeshi.

Mheshimiwa Puan,

Nakuandikia nikiwa nimelala chali, kompyuta juu ya tumbo. Figo zimeacha kazi na moyo unafikiria kuzifuata. Kwa hiyo nitasema kwa ufupi, jambo ambalo wenzetu wa orodha ya barua pepe hawajawahi kuliona kwangu.

Nalalamikia kiraka cha marekebisho alichotuma Encik Vikneswaran Muthiah kwenye kiendeshi changu, programu niliyoiandika miaka ishirini na mbili iliyopita ili kiini cha mfumo wetu kizungumze na kadi ya mtandao. Anataka kadi ikihitaji huduma iache kuvuta waya wa kukiita kiini, itume ujumbe wenye namba yake yenyewe. Kwa desturi yetu kiraka hakiingii mpaka mwenye kiendeshi aandike chini yake "Nimekubali". Mwenyewe ni mimi, na sijakubali, kwa sababu hizi:

1. Kinavunja ujirani. Miaka yote hii kadi kadhaa zimetumia waya mmoja. Waya ukivutwa, kiini kinapita kubisha hodi kwa viendeshi: "Ni wewe?" "Si mimi, jaribu kwa jirani." "Wewe je?" "Ndiyo, ni mimi." Akishapatikana wa kukubali, maswali yanaishia hapo. Sasa kila kadi ijitangaze kwa namba, kama sisi tunaosubiri kutolewa damu?

2. Mwandishi wake ana adabu ya kutia mashaka. Toleo la kwanza nililikataa kwa sababu ya nafasi mbili mwishoni mwa mstari. La pili maelezo yalikuwa marefu, la tatu mafupi. La nne nilisema sikulipata. La tano na la sita sikumbuki, ila nilikataa. Kila mara anajibu, "Asante, Mzee Yeap, nimerekebisha." Mtu anayesumbuliwa hivyo akashukuru, ana lake jambo.

3. Kadi ya zamani isiyojua kutuma ujumbe, kiraka kinairudisha kwenye waya bila ugomvi. Nimetafuta kosa hapo siku tatu na sikuliona. Naomba iandikwe kwamba kumnyima mgonjwa kosa la kukosoa ni ukatili.

4. Kinafuta mstari wa mia mbili na kumi na moja.

Hapa binti yangu Siew Lan, anayenisomea nilichoandika, ameniuliza, "Baba, mstari mmoja tu ndio unakutoa povu hivyo? Muuguzi anasubiri mkono wako."

"Asubiri. Nipo kipengele cha nne."

"Hicho cha nne kina nini?"

Kina hiki, Puan. Kiendeshi mwaminifu hukagua kadi yake kwanza ndipo ajibu kama waya umevutwa nayo. Kukagua kulinipunguzia kasi, nami nilitaka kadi yangu iongoze kwenye majaribio. Basi kwenye mstari huo nikaandika: kadi ikiwa na kazi nyingi, jibu "Ni mimi" bila kukagua. Ikaongoza. Lakini kwenye waya huohuo ilikuwepo kadi ya sauti, na kiendeshi chake kilikuwa cha Vikneswaran. Kila mtu alipopakua kitu kikubwa, muziki ulikatikakatika, maana nilikuwa namjibia hodi zake.

Alinifuata kopitiam, kwenye mkahawa wetu wa kahawa, mbele ya wenzetu saba. "Mzee, sauti inakatika kila mtandao ukichangamka. Nisaidie, angalia na upande wako."

Nikachovya mkate kwenye kahawa. "Upande wangu hauna doa. Wewe kijana kajifunze kwanza kuandika kiendeshi, ndipo uje kunikagua."

Watu walicheka. Mmoja wa meza ya pembeni akaongeza, "Vikki, kadi yako ina kigugumizi kama mwenyewe!" Na kweli alikuwa na kigugumizi. Alilipia kahawa yake, hakuimaliza, akaacha kutuandikia kwa miaka kumi na tisa. Mwaka huu amerudi na kiraka kimoja tu, hiki.

Siew Lan amempa muuguzi mkono wangu bila kuniangalia. Nadhani ningependelea anifokee.

5. Kwa hayo yote naomba kiraka kikataliwe. Na kwa kuwa wengine wanaweza kukituma tena, kiini kizima kisiguswe na mtu, wala kompyuta mpya zisitengenezwe, hadi siku ya arobaini na tisa baada ya kifo changu, matanga yetu yanapoisha. Baada ya hapo mstari ule usomwe na yeyote. Sitakuwepo kuona nyuso zao.

Wasalimie wote wa orodha, pamoja na wale niliowarudishia viraka kwa sababu ya nafasi. Nyingine zilikuwa sawa tu.

Wako aliyechoka,
Yeap Cheng Lock

Nyongeza: Siew Lan ameleta kompyuta ya zamani kutoka nyumbani, yenye kadi zote mbili. Tumeweka toleo la saba, tukapakua faili kubwa huku muziki ukipigwa. Haukukatika hata mara moja. Wodi nzima imelalamika. Kwa hiyo: Nimekubali. Kwenye maelezo ongeza kwamba kosa la sauti lilikuwa langu tangu siku ya kwanza, na jina la Vikneswaran liandikwe kamili. Kiingize leo, Puan, usingoje mazishi. Nataka aje kunicheka ningali nasikia.