Gego la Mwonja Asali

Jumatatu, 8 Juni
Nimezibwa gego. Daktari wa Itigi kaagiza nisitafune mpaka ganzi iishe, nisiguse chochote kinachonata, na jino likigonga nirudi alisage. Aliyekuwa akiitikia ni mke wangu Rahabu. Mimi nilikuwa nawaza Jumamosi. Kikundi chetu cha wafuga nyuki hapa Mitundu kinachagua mwonja asali, cheo ninachokitamani kuliko mbingu. Mwonja mwenye jino bovu nani atamchagua? Kwa hiyo ni siri. Jioni Antipasi, jirani yangu na mpinzani wangu, kapita kuchungulia. Nikatafuna paja la kuku mbele yake, aone nilivyo mzima. Nusu ya nilichotafuna ilikuwa shavu langu.

Jumatano, 10 Juni
Uso umevimba. Nimetangaza kwamba nyuki wameniuma. Antipasi kanipa pole, kisha kazunguka kijiji kizima akisema nyuki wangu wamekuwa wakali. Vijana wamekataa kunisaidia kurina. Nimerina peke yangu. Sasa nyuki wameniuma kweli.

Ijumaa, 12 Juni
Jino linagonga kabla ya wenzake. Nikipanda basi la Itigi, Antipasi ataniona. Nimelisaga mwenyewe kwa tupa ya kunolea panga. Rahabu kanishikia kioo huku kageuza uso, sijui analia au anacheka. Mtu mzima, tupa mdomoni. Nimechoka na maisha haya.

Jumamosi, 13 Juni
Kuonja kwetu ni hivi: unatafuna sega mbele ya watu, unataja maua waliyofyonza nyuki, unatema nta kwenye sinia ikayeyushwe. Nilipanga kutafunia kushoto tu. Lakini asali ni asali! Nikajisahau. Nikataja maua, wakapiga makofi, nikatema. Mwenyekiti, Mama Dorkas, akaokota kitu kigumu kwenye nta, akauliza changarawe hii imetoka kwenye ndoo ya nani. Antipasi akajibu kwamba ndoo ni yangu. Nikisema ni kizibo cha jino langu, nakosa cheo. Nikinyamaza, asali yangu inakataliwa. Nikanyamaza, ikakataliwa. Hapo nikapanua mdomo kulalamika, wakaliona shimo. Cheo kachukua Antipasi.

Jumapili, 14 Juni
Upepo unaingia jinoni nausikia mpaka kisogoni. Sina hamu ya kitu. Rahabu anasema kesho nirudi kwa daktari. Wa nini? Nyuki anaziba mzinga wake mwenyewe, na sijamwona akipanda basi. Nimekanda nta, nimeziba. Imekaa vizuri kuliko kizibo cha daktari. Mwakani Antipasi atanitambua. Rahabu kaleta chai, inafuka moshi.