Mea Culpa ya Mfuko wa Shati

Leo nimevuliwa nguo kanisani. Si nguo za mwili, hizo nilikuwa nazo zote, pamoja na ile shati nyeupe ya mazishi. (Shati ndiyo ilinimaliza. Subirini.)

Wengi wenu mnanijua, mimi Baba Akinyi wa Ahero. Asiyenijua ajue hivi: mafuriko yalinikuta hai yakaniacha hai, basi. Mpunga ulienda. Jikoni ilienda. Ng'ombe wangu mmoja alienda akiwa amefungwa kamba, na sikumfikia. Na hayo maji hayakuja yenyewe! Majina nataja, sina woga. Ni Ogola, mwenyekiti wetu wa mfereji wa mashamba, aliyejenga ukuta wa duka lake juu ya mfereji ule ule anaousimamia. Ndugu yake Ochido ndiye alimwaga simiti. Maji yakafika pale, yakakosa njia, yakageuka, yakaja kwangu kama mgeni aliyealikwa.

Tangu siku hiyo Ogola hajaniambia hata pole. Tukikutana sokoni anaangalia saa mkononi. Hana saa.

Sasa, leo parokia ilikuwa na misa ya shukrani kwa sisi tuliookoka. Wageni wa misaada walikuwa wanakuja kutoka Kisumu, wengine wazungu. Padre alikuwa ameniambia mapema, "Baba Akinyi, baada ya komunyo utasema maneno machache kwa niaba ya wenzako. Kwa Kiingereza, tafadhali."

Mimi! Darasa la nne, tena nililiacha katikati!

Lakini nilikuwa na neno moja. Nililisikia kwa redio, taarifa ya Kiingereza, mkubwa fulani ametoa "mea culpa". Niliruka kwa kiti. Hiyo naijua! Dani, yaani nyanya yangu, hakujua kusoma hata jina lake, lakini kila jioni alijipiga ngumi kifuani akisema ile Kilatini ya zamani: mea culpa, mea culpa, mea maxima culpa. Ndiyo hii hii tunasema siku hizi, nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana. Kumbe wazungu wameitoa kanisani wakaipeleka kwa redio!

Nikamwita binti yangu Akinyi, aliyeolewa huko Mamboleo, Kiingereza amekisoma. Akaja jana.

"Baba, kwa Kiingereza si lazima ujipige kifua. Unasema mtu ametoa mea culpa. Ama watu wanangoja mea culpa yake. Ni kitu mtu anapeana."

"Kama chai?"

"Kama chai, baba."

Nikafurahi sana. Maskini Dani alikuwa anaidai nafsi yake miaka yote, kumbe kwa Kiingereza unamdai jirani! Hiyo ni lugha.

Tukakaa nyuma ya nyumba ya kuku na simu yangu. Akinyi anasema sentensi, mimi nafuata, simu inarekodi ndiyo nijisikilize. Mpango ulikuwa huu: nisimame mbele ya wageni, nimwangalie Ogola machoni, niseme, "We are still waiting for a mea culpa from our chairman." Bado tunangoja mwenyekiti wetu akiri. Aone aibu. Hiyo tu.

Asubuhi hii nikasimama nje ya kanisa nikijisikiliza mara ya mwisho. Wanakwaya walikuwa wanajaribu ngoma, nikaweka sauti mpaka mwisho. Kengele ikalia. Nikasimamisha rekodi, lakini simu sikuizima, nikaitumbukiza mfuko wa kifua nikafunga kifungo. (Mnaona mahali tunaelekea.)

Ogola alikuwa benchi ya mbele, ya wakubwa. Mimi benchi iliyofuata, nyuma yake tu, na Mama Wanjiku wa duka la vyuma kando yangu.

Tukaanza kuungama. Vijana wa leo wanajigusa kifua na vidole viwili kama mtu anawashwa na mdudu. Mimi nilifunzwa na Dani. Ngumi! Tena shingo ya Ogola ilikuwa pale mbele yangu, nene, imepakwa mafuta. Nikapiga kama napiga mgongo wake.

Nimekosa mimi, pa! Nimekosa mimi, pa! Nimekosa sana, PA!

Sala ikaisha, kanisa likanyamaza. Mfuko ukaanza kuongea.

"The chairman offered a mea culpa," sauti ya Akinyi ikasema, safi kama ya redio.

"The chairman... offered... a mea... culpa." Huyo ni mimi, kama mtu anavuka mto akitafuta mawe.

"Tena, baba."

"Ogola huyu atatoa nini? Mtu anahesabu omena, visamaki vidogo vile, kabla ya kupika!"

Uwiii! Wageni wakageuka. Wanakwaya wakaanza kucheka. Nikashika mfuko. Kifungo kimekwama!

"Zima, Baba Akinyi! Zima!" Mama Wanjiku ananinong'oneza.

"Kifungo, mama! Kifungo!"

Mama Wanjiku akavuta. Kifungo kikaruka, kikampata Ogola kwa sikio. Lakini simu bado iko ndani, imelala kwa upana, haitoki.

"Baba," Akinyi anauliza mfukoni, "na akikataa?"

Hapo nilitamani sakafu ifunguke. Nilijua kinachokuja.

"Sitaki kitu yake, nyathina, mtoto wangu," sauti yangu ikasema, ile ya chini ambayo sionyeshi watu. "Nataka tu aseme amekosa. Na aniulize ng'ombe wangu aliitwa nani. Hakuna mtu amewahi kuniuliza."

Halafu ikafuata sauti nyingine. Ningependa kuwaambia ilikuwa kuku. Haikuwa kuku. Mzee mzima nalia, kanisa lote linasikia, wazungu pia.

Nikapata simu, nikazima. Hakuna aliyecheka sasa. Padre akakohoa, akaendelea, "Mungu Mwenyezi atuhurumie." Hata yeye alisema kama mtu anaomba kweli.

Baada ya komunyo sikuitwa. Kiingereza changu kilikuwa kimeshasomwa.

Nikatoroka kwa mlango wa kando. Nani amesimama kwa baiskeli yangu? Ogola. Akaangalia mkono. Hana saa. Akauteremsha.

"Baba Akinyi."

"Nini?"

"Yule ng'ombe. Aliitwa nani?"

"Nyar Sondu." Msichana wa Sondu, kwa sababu nilimnunua soko ya huko, na kwetu mke tunamwita kwa jina la kwao, ng'ombe pia.

"Pole kwa Nyar Sondu," akasema, kama tuko matangani. "Nimekosa mimi." Akajigusa kifua na vidole viwili. (Vidole! Lakini ndiyo yake, nimeipokea.) Akasema kesho Ochido anakuja na nyundo kubwa kuvunja ule ukuta. Mimi nitaamini nikiona maji yanapita.

Sasa ombi langu. Vijana wa bodaboda tayari wananiita Mzee Mea Culpa. Nyinyi tafadhali niiteni Baba Akinyi. Na kama lazima mcheke, chekeni mkijipiga kifua, lakini kwanza toeni simu mfukoni.