Verna, Nyanya na Jumamosi ya Bila Nguo

Jumamosi, 19 Oktoba

Imebaki wiki moja tu! Jumamosi ya mwisho ya Oktoba watu wa bustani hapa kwetu Tasmania tunavua nguo zote na kupalilia. Wengine huifanya siku hiyo moja, kwa utani, halafu basi. Mimi na Verna mke wangu tuliifanya kila Jumamosi tangu tuhamie bondeni. Kofia na buti, basi. Ni yeye aliyenifundisha. Nyumbani nilikokulia tulikuwa watu wa kuoga na kaptura. Raha yake haisemeki! Jua mgongoni, udongo magotini, na upepo unapita mahali ambapo hakuna aliyeukaribisha.

Lakini tangu baridi ya Julai Verna hajatoka. Walimkata titi la kushoto. Daktari anasema amepona, ashukuriwe Mungu. Ila sasa mke wangu anaishi ndani ya gauni la sufu la bluu, zito kama blanketi, na akitaka kubadili nguo anajifungia bafuni. Hatulizungumzii. Yumo humu humu ndani, na nina hamu naye kama mtu aliye safarini.

Nimeazimia. Jumamosi ijayo atakuwa bustanini, kando yangu, kama zamani. Wala hatajua kwamba ni mpango.

Mpango wa kwanza: faragha. Dirisha la jikoni la Garth Pybus, jirani, linatazama maharage yetu moja kwa moja. Nimesimamisha ukuta mrefu wa matete. Kazi safi sana. Fundi gani angenishinda?

Jumapili, 20 Oktoba

Upepo umeshinda. Ukuta wote umekutwa juu ya paa la Garth.

Ameurudisha mwenyewe, ameukunja vizuri, jambo lililoniudhi zaidi. Akaniambia, "Alwyn mzee wangu, unajificha nini? Mimi makalio yako nimeyazoea kuliko saa ya ukutani." Kisha akashusha sauti, akauliza Verna hajambo. Nikasema hajambo. Akasema mkewe amemwokea keki ya tufaha. Nimeichukua. Mtu huyu hunishinda kila mwaka kwa nyanya ya kwanza kuiva, na sasa ananishinda kwa wema pia.

Verna alikula vipande viwili. Nilipomuuliza, kama vile najiuliza tu, kama Jumamosi atatoka, akasema kuna baridi.

Baridi! Kumbe ni baridi tu! Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mpango wa pili: joto. Samadi mbichi ya farasi ikirundikwa huchemka yenyewe. Nimerundika lundo kubwa, nikachonga kiti ubavuni mwake. Kiti cha kifalme. Mtu akae, apumzike, apashwe moto kutoka chini.

Nikakijaribu mwenyewe kwanza, uchi wa mnyama, maana mpishi mwema huonja. Joto zuri sana! Nikafumba macho. Nikaanza hata kuimba.

Sikujua kwamba samadi ile ilikuja na sisimizi wa hapa warukarukao, wale weusi wenye taya za manjano. Sisimizi nao walikuwa wamekifurahia kiti.

Sitaandika waliniuma wapi. Nitaandika tu kwamba chakula cha jioni nimekula nimesimama. Verna alinilaza kifudifudi kitandani, akanikanda kwa barafu, miwani puani, gauni limefungwa mpaka kidevuni. Alikuwa akitetemeka. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Akaniambia kwamba ameishi na wanaume wengi wajinga katika maisha yake, na wote walikuwa mimi.

Sijausikia mcheko huo tangu Julai. Sisimizi wangerudi leo, ningewakalia tena.

Jumatano, 23 Oktoba

Mpango wa tatu: chambo. Verna hawezi kuona kosa bustanini akanyamaza. Basi mpe kosa!

Hapa kila mtoto anajua kwamba nyanya hazipandwi kabla ya Siku ya Maonyesho ya kilimo, maana sakitu, ule umande wa barafu, bado inavizia. Siku ya Maonyesho ni kesho. Kwa hiyo leo nimepanda nyanya zote, mchana kweupe, chini ya dirisha lake. (Na kumtangulia Garth kwa siku nzima si haba.)

Chambo kikanasa! Dirisha likafunguliwa. Akapaza sauti kwamba nimechanganyikiwa, mbingu iko wazi, usiku utakuwa wa barafu, miche ile ni watoto wachanga. Nikajifanya sisikii, nikaendelea kuchimba. Akafika mpaka kizingitini! Mguu mmoja tayari uko kwenye ngazi! Kisha akalishika gauni kifuani, akarudi ndani.

Mguu mmoja lakini. Mguu mmoja ni maendeleo.

Jioni baridi ikaanza kuuma. Nikafunika miche kwa kila kilichokuwa kwenye kamba ya nguo.

Alhamisi, 24 Oktoba. Siku ya Maonyesho

Bustani nyeupe. Sakitu kila mahali. Mashati yangu yamekakamaa kama mbao, na chini yake nyanya zimekufa. Imesalia miche mitatu tu, mizima, kijani kibichi, chini ya gauni la sufu la bluu.

Naapa sikuangalia nilichokivuta kutoka kwenye kamba.

Verna hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Nilimkuta ameketi kitandani amevaa sweta langu la kuvulia samaki. Akaniambia niketi. Bado siwezi kuketi vizuri, nikapiga magoti.

Akasema hamwogopi Garth. Baridi pia haiogopi. Akasema, "Nakuogopa wewe, Alwyn. Yale macho yako. Utanitazama, halafu utajitia hujaona kitu, uniambie mambo mazuri. Hapo ndipo nitakapokufa."

Nikasema basi sitatazama.

Akasema ndiyo hiyo hiyo ninayoisema, mume wangu.

Nimekwenda kulifua gauni lake.

Ijumaa, 25 Oktoba

Sufu haifuliwi kwa maji ya moto. Sasa najua. Gauni lingemtosha mwanasesere. Verna amelishika kwa vidole viwili, akaniuliza kama huu nao ni mpango. Nimeapa kwa kaburi la mama. Ameniangalia sana.

Garth amepanda leo, kwa wakati wake, kama mtu mzima. Akanipitishia miche ya ziada juu ya uzio. Nikaikataa. Nikageuka. Nikarudi nikaichukua.

Lakini nimefikiri mchana kutwa na nimelipata! Amesema mwenyewe: anayaogopa macho yangu. Sasa macho si yangu? Siwezi kuyafunga? Kesho nitalima nimefungwa kitambaa! Yeye atafanya kazi kwa uhuru, mimi sioni hata pua yangu. Mficha uchi hazai, wamesema wazee. Nami nitayaficha macho badala yake. Rahisi hivyo! Kwa nini sikufikiri mapema?

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimetoka saa tatu. Kofia, buti, krimu ya jua, na skafu ya harusi ya dada yangu machoni. Nikamtangazia Verna kupitia dirishani kwamba mimi ni kipofu na bustani ni yake.

Nikaanza kazi. Nyanya moja niliipanda mizizi juu, nimeambiwa baadaye. Mpira wa maji niliukata kwa jembe, ukanipiga na maji ya baridi mahali ambapo sisimizi walikuwa wamepasahau. Nikatambaa mpaka kwenye tuta la dirishani, nikashika shina nene la magugu, nikavuta.

Akapiga ukelele. Hayo si magugu! Hilo ni ua langu la pioni, jamani, pioni yangu! Mlango ukagonga ukuta. Miguu mbio. Mkono ukaushika mkono wangu, ukanibandua vidole kimoja kimoja.

Kisha bega likagusa bega langu. Ngozi kwa ngozi.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo amevaa nini. Akajibu, "Kofia." Akaniambia nivue tambara hilo kabla sijamuulia bustani yote. Nikasema nimeahidi. Akalivua yeye. Akasema haya, tazama, tazama vizuri mara moja, halafu useme. Wala usinipambe.

Nikatazama. Kovu limeanzia kwapani likaja mpaka katikati, jekundu kidogo, limenyooka. Nilitafuta neno zuri nikalikosa, nikasema lililokuja: kwamba aliyeshona ule mstari angepanda karoti vizuri kuliko mimi.

Nikatamani ardhi inimeze.

Verna alicheka mpaka akaketi kwenye spinachi. Mimi nikalia, mwanaume mzima, uchi, na buti. Akanivuta nikaketi naye, na makalio yangu hayakulalamika hata kidogo.

Nikampaka krimu ya jua. Mgongo, mabega, na pale pia. Akaniambia pale hapasikii kitu, nisijisumbue. Nikapapaka hivyo hivyo, polepole. Tukairudisha pioni udongoni, tukapanda nyanya mpaka adhuhuri. Garth alitokea upande wake amevaa kofia tu na kikombe cha chai, akasema habari za asubuhi, Verna, mawingu ni mazuri leo. Hakuondoa macho mawinguni. Leo simchukii sana kama jana.

Jumapili, 27 Oktoba

Tumeungua migongo wote wawili. Tunalala kifudifudi tunashikana mikono.

Verna amenieleza kwa upole kwamba hakuna mpango wangu hata mmoja uliomtoa. Alitoka kwa kuwa pioni ilikuwa inakufa, na kwa kuwa alichoka kujificha. Akaniomba, kwa mapenzi yote, nisimpangie tena kitu chochote maishani. Nikaweka mkono kifuani, nikaapa.

Masikini hajui kilichomtoa. Kitambaa kilifanya kazi kama dawa!

Kuna jambo moja dogo. Kila Juni, alfajiri, mji mzima wa Hobart hujitosa baharini uchi, maelfu ya watu, katikati ya baridi kali. Nilikwisha kuandikisha majina yetu asubuhi alipokuwa bado amelala. Nitamwambia tunakwenda kutazama miche. Atafurahi sana. Namjua mke wangu nje ndani.