Mashine Inayotaja Majina

Jumatatu, 16 Juni 2025

Baridi kali. Ukungu umekaa mpaka saa nne. Nimetangaziwa vita leo! Mkurugenzi Hafidhi ametukusanya, akasema kiwanda chetu cha parachichi kimepata mashine ya akili unde. Itasoma nyaraka zetu zote, na mwenye swali ataiuliza kwenye kompyuta. Mimi Lukasi, karani wa masjala miaka ishirini na moja, nimekaa palepale mbele yake! Toka kijiji cha Suma hadi cha Lupepo, mwenye swali huja kwangu, tena na ndizi mkononi.

Ijumaa anakuja mkaguzi wa wanunuzi. Mashine ikimjibu vizuri, chumba changu kinageuzwa cha kunywea chai, nami nahamia banda la makreti. Makreti! Hawanijui.

Aliyeileta ni Nahla, binti wa Mbeya mjini, mtaalamu wa kompyuta. Kasema nyaraka hazitatoka nje ya kiwanda, na marufuku kuziingiza kwenye zile programu za bure za simu. Kila jibu litataja waraka lilikotoka. Nimeitikia kwa kichwa. Moyoni nikasema tutaona.

Jumanne, 17 Juni

Mpango wa kwanza. Faili la ukomavu wa matunda nimelifungia kabatini, ufunguo ndani ya soksi. Mashine ikikosa faili itabuni uongo, itaumbuka mbele ya watu.

Mchana Mkurugenzi akaiuliza parachichi lililokomaa linatambuliwaje. Ikajibu haina waraka wa jambo hilo, waulizwe watu wa masjala. Nikatabasamu. Mkurugenzi akatabasamu zaidi! Akasema ndiyo anayoitaka hiyo, isichokijua inasema haikijui, si kama wengine. Akanitazama. Akataka faili. Nimevua kiatu mbele ya ofisi nzima.

Jioni nikaiuliza kwa siri kama Anyosisye amewahi kupewa barua ya onyo. Ikasema sina ruhusa ya kuona mafaili ya wafanyakazi. Ina kiburi!

Anyosisye ni mkamwana wangu, mke wa kifungua mimba wangu, na hapa ni msimamizi wa upakiaji. Kwetu Wanyakyusa mkamwana haongei na baba mkwe, hamtazami, wala jina lake halitaji. Miaka sita akitaka waraka anamtuma mtu, yeye anasubiri nyuma ya mlango. Sasa anaiuliza mashine mwenyewe, tena anacheka nayo. Nimeumia, sitaficha.

Jumatano, 18 Juni

Mpango wa pili. Huu ni kiboko. Nimeandika waraka wa uongo: makreti yaliyojaa yaanikwe juani kwa saa sita nzima kabla ya kupandishwa kwenye lori. Nikauingiza mwenyewe kwenye mashine, saa kumi na dakika kumi na mbili. Mkaguzi akiuliza keshokutwa, atajibiwa upuuzi huo, na Nahla atapanda basi la kurudi kwao. Nimekula vizuri leo, nikaongeza sahani.

Alhamisi, 19 Juni

Ole wangu! Lori lililotarajiwa kesho limefika leo. Anyosisye akaiuliza mashine utaratibu wa kupakia, Mkurugenzi amesimama nyuma yake. Ikasema ina nyaraka mbili zinazopingana. Mmoja wa 2019, una saini ya Mkurugenzi. Wa pili umeingizwa jana, hauna saini, usifuatwe mpaka mtu athibitishe.

Mkurugenzi akauliza nani kauingiza. Jina lilikuwa pale kwenye kioo. Anyosisye akalisoma, akafumba mdomo. Akaulizwa tena. Akajifunika kanga usoni, akaisukuma kompyuta upande wa bosi. Nahla, mila zetu hazijui, akadhani maandishi hayasomeki, akabonyeza sauti. Mashine ikatangaza: Lukasi, saa kumi na dakika kumi na mbili. Nadhani hata kijiji cha Igogwe wamesikia. Anyosisye akatoka mbio.

Mkurugenzi akaniuliza kama najua shehena hiyo ni jasho la wakulima wangapi. Sikuwa nimewafikiria wakulima hata kidogo. Aibu ilinishika kwelikweli, mpaka saa nane hivi.

Ametoa amri mpya. Hakuna waraka kusomwa na mashine bila saini, na bila mtu wa pili kuuidhinisha. Wa kuidhinisha ni Anyosisye. Nahla kaitikia kwa furaha.

Ijumaa, 20 Juni

Mkaguzi kaja na buti za mvua. Akaiuliza mashine parachichi lililoanguka lenyewe linafanywa nini. Ikamjibu sawasawa: litengwe, lisipakiwe. Chanzo, waraka wa Lukasi wa mwaka 2011. Waraka wangu! Machozi yakanilenga. Mkaguzi akaandika kitu kwenye daftari lake, akaondoka ameridhika. Saa nane meza yangu imebebwa kwenda banda la makreti.

Nimekaa juu ya kreti, nikatafakari kwa kina, na kosa langu nimeliona. Waraka wa Jumatano haukuwa na saini. Basi! Nimeandika mwingine: Karani Lukasi arudishwe masjalani mara moja, apewe na jiko la mkaa kwa ajili ya baridi. Saini ya Mkurugenzi nimeichora mwenyewe, imependeza kuliko yake. Na Anyosisye atauidhinisha tu. Atanishtaki vipi, wakati jina langu hathubutu kulitaja?

Nimeuingiza saa kumi na nusu.