Posa Isiyo na Maneno ya Ziada

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimeshtuka! Makala yangu kuhusu soko la Kasulu imerudi kutoka Dar. Mhariri wa tovuti anasema sentensi ya kwanza imeanzia kwenye dagaa, ikapita kambi ya Nyarugusu, na mpaka anachoka kusoma hajaiona nukta. Eti maneno ya ziada ni magugu, nijifunze kung'oa. Mimi! Sylvesta, mwandishi wa kujitegemea, niliyeandika risala za nusu ya wilaya hii! Nimekosa hamu ya kula. Baadaye nimekula.

Jumanne, 15 Julai
Nimefuta kutwa nzima. Kumbe raha! Makala imebaki kiganja tu. Mhariri kaipokea, kasema sasa naiva. Sirudi nyuma tena. Hata tangazo la duka la Abdulrahmani nimelipunguza: "Sukari ipo." Amelalamika kwamba anauza na mchele. Hajui mtindo huyu.

Jumatano, 16 Julai
Siamini! Bazilio, mdogo wake mke wangu Divine, anaposa. Binti ni Josephina, wa Mzee Ntirampeba kule Busunzu. Amempenda tangu shuleni. Na maneno ya posa kampa nani aandike? Asnath! Yule mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka Mbeya, anayeninyang'anya risala tangu afike!

Nimeyasoma. Kurasa tatu za aibu. Salamu ya "Mwakeye" kwa kila mzee kwa jina lake. Mvua. Hali ya mihogo. Kisha ndama wetu aliyepotea, nyayo zake zikaelekea kwa Mzee Ntirampeba. Ndama gani? Hatuna hata ng'ombe! Josephina mwenyewe hatajwi popote. Nimemwambia Bazilio aniachie kila kitu, nitaandika na nitakuwa mshenga. Divine akauliza kama nina hakika. Nikamwonyesha ujumbe wa mhariri.

Jumamosi, 19 Julai
Tulifika Busunzu salama, vumbi mpaka kwenye kope. Wazee wamekaa, mabibi wamekaa, mtungi wa lubisi, pombe yao ya ndizi, umeshafika mlangoni. Mzee Ntirampeba akauliza taratibu wageni wametokea wapi na njiani wameona nini. Wote wakajiweka sawa, tayari kwa maneno. Nikasimama. Nikakunjua karatasi. Nikasoma: "Tunamtaka Josephina. Mahari kiasi gani?"

Nikakaa.

Kuku tu ndio walioendelea na shughuli zao. Bibi mmoja akajifunika kanga usoni. Mzee akauliza kama tumeacha msiba nyumbani, mbona tuna haraka. Halafu, kwa macho yangu haya, nikaona mtungi unageuzwa, unarudi ndani! Umejaa! Tukaambiwa binti yao si debe la maharage. Turudi Jumanne na mbuzi wa faini na maneno ya kuomba radhi. Wasiporidhika, posa imekufa, na Josephina ataolewa kwingine. Bazilio amelia njia nzima hadi Kasulu. Mtu mzima, mbele ya abiria!

Jumapili, 20 Julai
Divine ameniwekea ugali mtupu. Nilipouliza mboga iko wapi, akajibu kwamba mboga ni ya ziada.

Lakini kubwa zaidi: Bazilio anataka Asnath ndiye aandike radhi! Nimeapa mbele ya mama mkwe kwamba kosa nimeliona na nitalirekebisha mwenyewe. Mama mkwe akasema nikimkosesha mwanawe mke, nisikanyage tena kwake. Hatimaye wamenikubalia, kwa sababu mbuzi ni wangu.

Jumatatu, 21 Julai
Kosa kweli nimeliona, na nimeduwaa jinsi lilivyokuwa wazi. Sentensi mbili! Nani anahitaji sentensi mbili? Ile ya pili ndiyo iliyowaudhi wazee wa watu.

Tangu asubuhi naandika radhi. Nimeandika ukurasa, nikafuta. Nikafuta tena. Limebaki neno moja: "Samahani." Nimelitazama mpaka machozi yamenilenga. Hata mhariri hana pa kushika hapo. Bazilio amepita kuuliza kama maneno yako tayari. Nimemwambia alale usingizi.

Jioni. Nimelitazama tena. Hivi mbuzi si tutakuwa naye palepale uwanjani? Kila mzee atamwona, tena ni mnene. Sasa neno la nini?

Nimelifuta.