Mchora Katuni Anayemwinamia Kila Mtu

Lemburis Lerionka,
Gereji ya Malori,
Sakina, Arusha.

Kwako Ndugu Mhariri,

YAH: KUTOMRUHUSU MCHORA KATUNI WAKO, MIKA LERIONKA, KWENDA JAPANI

Pokea salamu kutoka barabara ya Nairobi, ambako tunasoma gazeti lako kila siku, hata la juzi ambalo limefungiwa maandazi. Mimi ni kaka mkubwa wa Mika, yule anayekuchorea katuni ukurasa wa nne. Ni fundi wa malori na mzee wa kanisa, na sijawahi kumwandikia mhariri barua. Ukiona alama za grisi humu, ujue ni za kazi, si za dharau.

Nimesikia kuna shule ya uchoraji huko Japani imemwalika akasome miezi sita, na kwamba kilichobaki ni wewe kusaini barua yake ya ruhusa kabla ya Ijumaa. Ndugu Mhariri, naomba usisaini. Sina wivu wowote. Sababu ninazo, na nimezipanga kwa namba ili usipate taabu.

1. Kuinama. Mika alianza na kitabu kimoja tu cha picha za Kijapani, kilichotokea ndani ya robota la mitumba. Tangu hapo anasalimia kwa kuinamisha kichwa, mikono ameibana mapajani. Huko kwa wenzetu ni adabu, sikatai. Lakini sisi ni Waarusha, na kwetu anayeinamisha kichwa ni mtoto, na mkubwa akiletewa kichwa hana budi kukigusa kwa kiganja. Mkono unakwenda wenyewe, hauulizi. Sasa mtu wa miaka arobaini na moja, mwenye mke na ndevu, anawainamia wazee, wanamgusa utosini. Anawainamia wa rika lake, nao wanamgusa, tena wengine kwa furaha iliyopitiliza. Mwezi uliopita alimwinamia Angel, binti wa jirani anayesoma chekechea. Mtoto alimtazama, akaweka kikombe chake cha uji chini, akamgusa kichwani kwa mkono ule ule wenye uji, kisha akamuuliza kama ameshakula. Tangu siku hiyo Angel hanipi shikamoo. Nikimdai, anasema mimi ni kaka wa mtoto wake.

2. Kula. Alichonga vijiti viwili kutoka kwenye tawi la mbuni, akatangaza kwamba atakula navyo. Siku hiyo kulikuwa na loshoro, na wewe unajua loshoro ni mahindi ndani ya maziwa mgando. Alikula punje moja moja. Tulianza pamoja saa saba, na saa tisa alikuwa bado anawinda. Mama yetu, Yeyo Naserian, alidhani mwanawe ana vidonda mdomoni, akamchemshia dawa ya mizizi, ile chungu. Mika akainywa yote ili asimvunje moyo, halafu akainama kushukuru. Nadhani unajua Yeyo alifanya nini na mkono wake.

3. Chai. Walikuja kwangu wazee watatu wa kanisa kutoka Maji ya Chai, wakiongozwa na Mzee Elirehema, kuulizia lori la kupeleka kwaya kwenye semina. Mimi nilikuwa chini ya gari. Mika akawapokea. Aliwavua viatu, akawapigisha magoti, akawakalisha juu ya visigino vyao, akawaomba wakae kimya wakati anawaandalia chai ya Kijapani. Majani yake yalikuwa hayapatikani mjini, kwa hiyo alitumia unga wa mlonge, akaupiga kwa brashi yake ya rangi kwa muda wa dakika arobaini. Mzee Elirehema alipoona magoti na kimya, alijua kuna msiba. Akaanza kumwombea marehemu, ingawa hakuwa na jina lake. Wakati wa kusimama miguu yao ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi vijana wa gereji wawabebe mmoja mmoja hadi kwenye lori lile lile walilokuja kuulizia. Watu wa Maji ya Chai, Ndugu Mhariri, sasa wakifika kwangu wanaomba maji.

4. Hii nimeifuta kwa amri ya mke wangu Nalepo. Ilihusu pipa langu la dizeli, maji ya moto, Mika akiwa ndani yake, na mteja mmoja wa kike aliyefuata oili.

5. Katuni zenyewe. Hapa na wewe umo. Mika amegundua kwamba Wajapani husoma vibonzo kuanzia kulia kwenda kushoto, na wewe ukamruhusu ajaribu. Unakumbuka ile ya diwani? Alikusudia tuanze kulia: diwani anazindua lami, lami inapasuka, mashimo yanaota, na mwisho gari la diwani mwenyewe linazama matopeni. Sisi wa Sakina tukaanza kushoto, kama tulivyofundishwa shule. Tukamwona diwani amezama matopeni, akaonja shida ya wananchi, mashimo yakapungua, nyufa zikaziba, na mwisho akazindua barabara ya lami huku anacheka. Watu walipiga makofi kwa kinyozi. Diwani alifurahi hadi akaleta mbuzi gerejini kwangu awe zawadi ya mchoraji, na sisi tulikuwa tumeshamla ndipo Mika akatueleza maana. Mshale uliouweka kuonyesha pa kuanzia ulikuwa mdogo mno. Wengi walidhani ni nzi aliyebanwa na mashine ya kuchapia.

6. Picha. Hii ndiyo iliyoniuma. Picha aliyoituma Japani hadi wakamwalika ni picha yangu. Sikuombwa ruhusa. Nimesimama nje ya nyumba, mlima Meru uko nyuma umevaa wingu, na mkono wangu uko juu ya kichwa cha Mika aliyeinama. Masikio yangu ameyachora makubwa kama milango ya lori iliyoachwa wazi. Yeye mwenyewe amejichora mfupi, ilhali ananizidi kwa karibu nusu futi, ili mimi nionekane pandikizi la mtu. Amejivisha sweta yenye mkono mmoja mwekundu na mwingine wa kijani, na kichwani amejitia doa jeusi. Nadhani ndiyo mitindo ya huko. Alinipa nakala ya rangi ndani ya fremu. Nimeitundika ofisini ikitazama ukuta.

Sasa, Ndugu Mhariri, twende taratibu kama watu wazima. Ikiwa kitabu kimoja cha mtumba kimemfanya mtu amwinamie mtoto wa chekechea, miezi sita na walimu wenyewe itafanya nini? Atarudi anawainamia mbuzi. Wasomaji wake watamwiga, maana wanampenda. Mji mzima utakuwa umeinama, na kila aliyeinama lazima aguswe kichwani, na mwenye kumgusa mwenziwe hawezi kushika spana kwa wakati huo huo. Malori yatasimama hapa hadi Namanga. Hakuna atakayejua nani mkubwa na nani mdogo, na watakaobaki wakipokea shikamoo ni watu wa aina ya Angel. Haya yote kwa sahihi yako moja.

Tena, nani atakaa na Yeyo? Ana miaka sabini na minne, na kila jioni humngoja Mika amwonyeshe alichochora, ingawa kusoma hajui. Baba yetu alipofariki mimi ndiye niliyebaki na Mika. Nilimlea, nikamsomesha kwa spana hizi, nikamnunulia penseli ya kwanza, na sikuona mzigo, maana ng'ombe haelemewi na nundu yake. Wapo waliotoka kwetu wakaenda mbali kwa miezi sita tu, na mpaka leo mama zao wanauliza. Nasema ukweli kwa kuwa hii ni barua na hunioni usoni: naogopa.

Mwisho, nikuarifu kwamba hata ukisaini haitasaidia, kwa sababu pasipoti ya Mika imepotea. Imepotea tu, kama vitu vinavyopotea. Mimi sijui iliko na naomba nisiulizwe, mimi ni mzee wa kanisa.

Nisalimie mlinzi wa getini kwako, dada Sia anayewapikia chai ya kawaida, na yule bwana wa ukurasa wa michezo, mwambie lori lake liko tayari tangu wiki jana. Wote nawatakia afya njema na shingo zilizonyooka.

Wako katika ujenzi wa taifa na urekebishaji wa malori,

Lemburis Lerionka

Nyongeza: Nilipomaliza kuandika niliishusha ile picha ili nikuambatanishie iwe ushahidi wa masikio. Yeyo akaomba aione, kwa sababu alikuwa hajawahi kuiona, maana niliigeuza siku ile ile niliyopewa. Alivaa miwani yake. Masikio hakuyatazama kabisa. Aliweka kidole kwenye sweta, akakaa nacho hapo, akaanza kulia.

Sweta ile aliifuma yeye, mwaka aliofariki baba. Nyuzi nyekundu zilimwishia kwenye mkono mmoja, na hela ya kuongeza haikuwepo, akamalizia za kijani. Mika alikuwa na miaka saba na mimi kumi na tisa, ndiyo kwanza najifunza ufundi. Ilikuwa asubuhi ya kwanza ya shule. Kila asubuhi alizoea kupeleka kichwa chake kwa baba. Siku hiyo alisimama uani, akatazama huku na huku akitafuta wa kumpelekea, akaniletea mimi. Sikujua la kufanya. Nilikuwa nimetoka kwenye injini, mkono mweusi, nikamgusa hivyo hivyo, akaenda shule na alama ya kiganja changu kichwani.

Kwa hiyo hakujichora mfupi. Alikuwa mtoto. Na doa ni langu. Miezi yote hii nilikuwa na picha hii na sikuona kitu ila masikio yangu mwenyewe.

Tafadhali saini. Pasipoti nimeiambatanisha humu. Imepatikana ndani ya boksi la spana, chini kabisa, ilikowekwa na mtu ninayemfahamu. Picha siileti tena, iko ukutani na inatazama watu. Koti la baridi nimeshamnunulia. Sababu namba moja hadi sita zihesabu kama namba nne.

Mwambie tu aende akainame kwa kila mtu huko anavyotaka, ila siku akirudi aanze na mimi. Safari hii nitanawa mikono.